Shindano la kuchora samaki shuleni: namna tunavyoliendesha huku Mwanza

Mwambie mtoto wa darasa la tano achore samaki bila kumpa samaki mbele yake. Utapata umbo la yai lenye mkia wa pembetatu, tabasamu, na mapovu matatu yanayopanda juu. Na huyo anaweza kuwa mtoto wa mvuvi wa Igombe, anayekula sato kila wiki na kuanika dagaa na mama yake siku za likizo.

Nafundisha sanaa katika shule ya msingi hapa Mwanza, na muhula wa kwanza tunakuwa na shindano la kuchora samaki wa Ziwa Victoria. Walimu wenzangu huniuliza tunaliendeshaje wakati hatuna mfadhili. Nitaeleza hapa. Kwenye kuchora na kutoa alama nitakaa zaidi, maana huko ndiko mashindano mengi ya watoto yanakoharibika.

Kwanza elewaneni na mwalimu mkuu kuhusu lengo. Kama lengo ni kumpata mchoraji bora wa shule, hamna haja ya shindano, kila mtu anamjua tayari. Sisi tunataka kila mtoto amjue samaki mmoja vizuri: mwili wake, anachokula, anapozalia, na kwa nini anapungua. Mtoto aliyehesabu miiba ya pezi la sato na kumpima kwa rula hawezi kupita kwenye fungu la vitoto vya sato sokoni asigeuze shingo.

Wazo la kuambatanisha mchoro na maandishi tumeliazima. Marekani, shirika la Wildlife Forever la Minnesota limekuwa likiendesha shindano la sanaa ya samaki kwa wanafunzi tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Mwanafunzi anachora samaki aliyemchagua, na kuanzia darasa la nne anaandika pia ukurasa mmoja kuhusu tabia ya samaki huyo, makazi yake na uhifadhi wake. Majimbo mengi huko yana samaki wake rasmi. Mwanza haina samaki rasmi, lakini ina ziwa ambalo watafiti wanakadiria liliwahi kuwa na aina zaidi ya 500 za furu peke yake, wale samaki wadogo wa jamii moja na sato, kwa hiyo cha kuchora hakikosekani.

Tarehe

Siku ya Uvuvi Duniani ni 21 Novemba, na mtu angedhani hiyo ndiyo siku yake. Hapana. Kufikia Novemba Darasa la Saba wameshaondoka, Darasa la Nne ndiyo kwanza wanatoka kwenye mtihani, na walimu wana marundo ya kusahihisha. Sisi tunatangaza mwezi wa tatu, tunachora mwezi wa nne na wa tano, na zawadi zinatolewa karibu na 5 Juni, Siku ya Mazingira Duniani, kabla shule hazijafungwa.

Ukiweka dagaa kwenye orodha, angalia na mwezi wa angani. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Wakati wa mbalamwezi wavuvi wengi wa dagaa hupumzika, na wewe utaishia kuwachoresha watoto dagaa wakavu waliopinda.

Orodha ya samaki

Usiseme "chora samaki umpendaye." Utaletewa papa, pomboo ambaye si samaki, na yule samaki wa rangi ya chungwa wa kwenye katuni. Toa orodha fupi ya samaki wa ziwa hili. Yetu ina sato, ngege, sangara, dagaa, furu, kambare, kamongo na ningu. Ruhusu jina la nyumbani. Mtoto wa Kijaluo aliyetoka Rorya atakwambia mbuta, wewe unajua ni sangara. Aandike yote mawili.

Sato ndiye wa kuanzia kwa watoto wadogo. Anapatikana, ana mapezi yanayoonekana vizuri, na ana alama isiyokosewa: mistari myembamba iliyosimama kwenye pezi la mkia, kuanzia shinani hadi ukingoni. Mwambie mtoto aitafute. Ngege hana mistari hiyo, na kichwa chake ni kidogo zaidi. Hapo utapata nafasi ya kuwaambia jambo ambalo hata wazazi wengi hawalijui, kwamba sato aliletwa ziwani katika miaka ya 1950, na ngege ndiye mwenyeji. Leo ngege yuko kwenye orodha ya IUCN, muungano wa kimataifa wa uhifadhi, ya viumbe walio hatarini kutoweka, na waliobaki wengi wako kwenye viziwa vidogo vya pembeni. Anayemchagua ngege itabidi amtafute mzee wa kumsimulia. Tunampa alama za ziada kwa sababu ya kazi hiyo.

Ningu ni wa mtoto anayependa hadithi. Mdomo wake uko chini, wa kukwangua mwani kwenye mawe, na mvua zikinyesha anapanda mito kama Mara na Kagera kwenda kuzaa. Wavuvi walijifunza kumngoja mlangoni mwa mto na nyavu zao wakati amejaa mayai. Matokeo yake ni kwamba watoto wetu wengi wanamsikia kwenye simulizi tu.

Sangara atawavutia wavulana, na wote watamchora na meno ya papa. Usikubali. Meno ya sangara ni madogo na mengi, ukiyapitishia kidole unahisi kama brashi. Taya la chini limetangulia la juu, mkia umeviringika, na mgongoni kuna pezi lenye miiba mikubwa likifuatiwa na lenye nyuzi laini. Huyu naye aliletwa, miaka ya 1950 na 1960, na kufikia miaka ya 1980 furu walikuwa wameporomoka. Watoto hupenda kumfanya jambazi wa hadithi. Mimi huwauliza viwanda vya minofu vya hapa mjini vinamtegemea nani, ada ya shule ya baadhi yao inatoka wapi, na ni nani hasa aliyembeba kwenye ndoo akamleta. Waachie wagombane kidogo. Insha nzuri hutoka kwenye ugomvi huo.

Kununua samaki wa kuchora

Nenda mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, asubuhi na rula mfukoni. Kanuni za uvuvi zinakataza sato wa chini ya sentimita 25 na sangara wa chini ya sentimita 50, na mwalimu hawezi kufundisha uhifadhi kwa kutumia samaki haramu. Ukipata nafasi nenda na watoto wanne au watano, wapime wenyewe. Rula ya shuleni ina sentimita 30, kwa hiyo sato halali karibu anaijaza. Hilo halihitaji mhadhara. Usiwaambie watoto walete samaki kutoka nyumbani. Watakuja na wa sentimita 12, na utakuwa umemtia mzazi wa mtu aibuni mbele ya darasa.

Sato mmoja anatosha watoto watano. Sangara mzima ni gharama, sisi tunanunua mapanki, yale mabaki ya viwandani yenye kichwa na mifupa baada ya minofu kukatwa. Kichwa cha panki kinamtosha mwanafunzi wa Darasa la Saba kwa vipindi viwili. Kambare na kamongo tunaazima wakiwa hai ndani ya beseni pana na kurudisha mchana. Waonye watoto mapema: kambare ana mwiba mkali kwenye pezi la kifuani, na kamongo anauma kweli. Kamongo hupanda juu ya maji kuvuta hewa, kwa hiyo usimfunike na maji hadi ukingoni, na wape watoto kazi ya kumvizia akipanda. Darasa lenye kelele kuliko yote shuleni kwetu lilikaa kimya kwa ajili ya kamongo.

Mweke samaki juu ya gazeti lililoloa, na barafu chini ya gazeti. Saa mbili zikipita ondoa. Sato wetu huishia jikoni kwa mpishi wa shule, na kundi lililomaliza kwanza ndilo linalokula kwanza. Sijui kama ni ualimu mzuri, ila inaharakisha kazi.

Kuchora kwenyewe

Dakika kumi za kwanza penseli hairuhusiwi kuchora, inaruhusiwa kuandika tu. Mapezi mangapi? Lipi lina miiba, lipi ni laini? Jicho liko juu ya usawa wa mdomo au chini yake? Mstari wa ubavuni unaanzia wapi na unaishia wapi? Kwa sato na furu mstari huo umekatika: kipande cha mbele kiko juu, cha nyuma kiko chini kidogo. Karibu hakuna mtoto anayeuona mara ya kwanza, na akishauona hatamwangalia samaki kizembe tena.

Baada ya hapo rangi, kabla ya umbo. Najua vitabu vinaanza na umbo. Lakini samaki aliyekufa anapoteza rangi haraka, na furu dume hubadilika ukimwangalia hivihivi. Mtoto achore kiolezo kibaya tu cha samaki kwenye daftari, kisha aweke mishale: hapa kijani iliyochanganyika na kijivu, hapa wekundu kwenye ukingo wa pezi, tumbo jeupe lenye manjano kidogo. Wenye penseli za rangi wapake viraka pembeni. Jedwali hilo la rangi litawasaidia wiki ijayo, samaki akiwa ameshaliwa zamani.

Umbo linakuja kwa kupima. Tumia urefu wa kichwa kama kipimo, kuanzia ncha ya mdomo hadi ukingo wa kifuniko cha matamvua, halafu mtoto ahesabu kipimo hicho kinaingia mara ngapi hadi kwenye shina la mkia. Aweke alama hizo kwenye karatasi kwa penseli nyepesi. Ndipo achore mstari wa mgongo, mstari wa tumbo, jicho, mdomo, halafu mapezi. Mapezi yafungue kwa vijiti vya meno na uyabane kwenye kipande cha boksi, la sivyo watoto watayachora yamelala.

Magamba ndiyo yanayowashinda. Wengi huchora mistari ya kukatana mwili mzima, na samaki anaonekana amevaa wavu. Waoneshe kwamba magamba yanalaliana kama mabati ya paa, yakielekea mkiani. Achore safu mbili tatu nyuma ya kichwa na chache ubavuni, kwingine aache kivuli kifanye kazi. Kambare hana magamba kabisa. Ana sharubu nane, na pezi la mgongoni refu linalokaribia mkia. Kila mwaka kuna anayempa kambare magamba, na kila mwaka huyo ndiye hakumwangalia kambare.

Ukubwa uwe halisi pale inapowezekana. Sato wa sentimita 25 anaenea kwenye A4 iliyolazwa. Sangara wa sentimita 50 hatoshi hata kwenye A3, itabidi karatasi ya manila, na mtoto anapoiona manila hiyo mezani anaelewa samaki halali ana ukubwa gani. Dagaa mchore mara tano ya ukubwa wake na uweke mstari wa kipimo chini. Furu mara mbili.

Vifaa visiwatishe. Penseli HB na 2B, kifutio, penseli za rangi za kugawana. Mkaa wa jikoni unafaa sana kwa kambare na kamongo, ambao hawahitaji rangi. Chaki nyeupe juu ya karatasi ya bahasha za kaki inatoa dagaa wazuri kuliko rangi yoyote ya dukani.

Furu na kipindi cha maji machafu

Hiki ni kipindi kimoja tu, lakini mimi singekiacha. Katika visiwa vya mawe vya Ghuba ya Mwanza kuna furu anayeitwa kitaalamu Pundamilia nyererei, kwa heshima ya Mwalimu Nyerere. Dume lake lina mgongo mwekundu, ubavu wa manjano na mistari myeusi iliyosimama. Jirani yake, Pundamilia pundamilia, ana mistari vilevile ila ni wa buluu ya kijivu. Majike wa aina zote mbili hawana rangi kali, na ni vigumu kuwatofautisha. Jike anamchagua dume wa aina yake kwa kuangalia rangi.

Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walichapisha utafiti katika jarida la Science kuhusu samaki hawa. Palipo na maji maangavu, aina hizi zinabaki mbalimbali. Maji yakichafuka, mwanga unapungua na rangi hazitofautiani, majike hawachagui vizuri, na aina zinachanganyikana hadi tofauti inafutika. Kwa hiyo udongo unaoporomoka mashambani, mbolea, na maji taka ya mjini yanayonenepesha mwani vinaweza kufuta aina ya samaki bila wavu wowote kutupwa majini.

Ili walione wenyewe, wachoree furu wawili kwenye karatasi nyeupe, mmoja mwekundu na mmoja wa buluu. Chukua plastiki ya kahawia inayopitisha mwanga, ikunje mara mbili, mara nne, kisha waangalie michoro kupitia hapo. Buluu inageuka kuwa nyeusi-nyeusi na wekundu unafifia. Waulize: wewe ungekuwa jike, ungemjua mumeo? Watacheka sana, halafu wataandika.

Maandishi

Darasa la Tano hadi la Saba wanaandika ukurasa mmoja. Wadogo wanasema sentensi mbili, mwalimu anaziandika kama zilivyosemwa. Nina sharti moja linalowaudhi baadhi ya walimu: kaulimbiu hazina alama. "Tutunze mazingira yatutunze" sifuri. "Tuhifadhi samaki kwa faida ya vizazi vijavyo" sifuri vilevile. Mtoto ameshayaona kwenye mabango na hayakutoka kichwani mwake.

Anayeandika kwamba sato jike hutamia mayai mdomoni, na kwa hiyo kokoro, ule wavu mkubwa wa kuburuta, likivutwa ufukweni linambeba mama pamoja na watoto, huyo ana alama zote. Anayeandika kwamba babu yake alikuwa anavua ningu na sasa havui, tena akataja mto gani, anazo pia. Tahajia tunaisahihisha bila kumpunguzia alama.

Kutoa alama

Kazi yote ifanyike darasani. Mchoro ukienda nyumbani unarudi umechorwa na kaka aliye sekondari, au umenakiliwa kwenye simu, na siku hizi simu inachora yenyewe. Utaitambua tu: samaki amegeukia upande ambao yule wa mezani hakugeukia, na maji nyuma yake ni ya buluu ya bahari. Kuweka daftari la mishale ya rangi kuwa sehemu ya kazi kunamaliza mabishano, kwa sababu hakuna anayenakili daftari la fujo namna ile.

Jina liandikwe nyuma, mbele iwe namba tu. Majaji wawe watatu, na hapa ndipo ninaposhikilia msimamo wangu hata mwalimu wa taaluma akinuna: mmoja awe mama muuza samaki. Sisi tunamwalika mama anayeuza sato na kambare barabarani karibu na shule. Mwingine ni mwalimu wa sanaa kutoka shule jirani, asiyewajua watoto wetu, na wa tatu ni afisa uvuvi wa kata.

Mama anaanza. Michoro inapangwa bila majina ya samaki, anapita na kusema: "Huyu sato. Huyu sato. Huyu… mwalimu, huyu ni nani?" Samaki aliyetambulika bila maelezo ana alama 40. Sanaa ina 30, maandishi 30. Ukiweka sanaa mbele, watashinda walewale wenye mkono mwepesi, na yule aliyechora kwa tabu lakini akahesabu sharubu zote nane hatapata kitu. Usimkatize mama anapotoa sababu. Nimesikia mambo kuhusu macho ya samaki mbichi na aliyelala ambayo sikuyasoma chuoni.

Afisa uvuvi anaangalia ukweli wa insha na anajibu maswali ya watoto. Mwandae kwa kumpa maswali siku mbili kabla, kwa sababu yako yatakayomkera, hasa lile la kwa nini makokoro yanakatazwa na bado yanaonekana. Mtoto asikatazwe kuuliza.

Zawadi na maonyesho

Fedha taslimu hapana. Penseli za rangi, daftari la kuchorea, rula nzuri ya chuma. Kama mnaweza kuchanga nauli ya boti, washindi wapelekwe Kisiwa cha Saanane, hifadhi ya taifa iliyo karibu kabisa na mji, ambako uvuvi hauruhusiwi na mtoto anaweza kuinama kwenye mawe akawaona furu ndani ya maji yao.

Maonyesho yasifanyike shuleni peke yake. Andikeni barua kwa uongozi wa BMU, kikundi cha wanajamii kinachosimamia uvuvi, wa mwalo wenu wiki tatu kabla, mkiomba ukuta wa banda la kupokelea samaki kwa siku mbili. Toeni nakala za michoro na zitiwe plastiki, kwa kuwa mikono ya mwaloni imeloa na watu watashika. Ile ya asili irudi kwa mtoto. Chini ya kila mchoro wekeni insha yake na urefu unaoruhusiwa kisheria kwa samaki huyo, kama upo. Itundikeni usawa wa macho ya mtu aliyesimama na beseni kichwani, na mmoja wa walimu awepo asubuhi mitumbwi inapoingia, kwa sababu wavuvi watakuwa na marekebisho.